Paka mzee mwenye figo mbovu: kutolia si kutoumwa

SWALI: Daktari, salaam. Paka wetu jike ana miaka 16. Mwezi uliopita tulimpeleka Kampala akapimwa damu, kreatinini, kile kipimo cha figo, ikasoma 6.4, tukaambiwa figo zimefika hatua ya 4, ya mwisho. Amekonda hadi mifupa ya mgongo inahesabika, anakunywa maji kutwa, anatapika, na tangu juzi chakula ananusa tu kisha anageuka. Lakini halii hata kidogo, na nikimpakata anakoroma kama zamani. Baba watoto anasema tumwache afe mwenyewe kwa amani. Jirani mwenye duka la dawa za mifugo anasema tumpe Panadol, na ikishindikana atamchoma sindano moja tu alale. Nitajuaje kama wakati umefika? Na huko kumchoma si kuua? – Mama, Tororo

JIBU: Mama, kwanza hiyo Panadol. Kama haijaingia mdomoni mwa paka, isiingie, hata robo. Ini la paka halina kimeng'enya cha kutosha cha kuivunja paracetamol, kwa hiyo sumu inayobaki huziharibu chembe nyekundu za damu zishindwe kubeba oksijeni. Fizi hugeuka rangi ya kahawia, uso na miguu huvimba, kisha mnyama anahema mpaka anakata roho. Kidonge kimoja cha miligramu 500 kinatosha kumuua paka mzima mwenye afya, sembuse huyu wako. Na kama imeshaingia, usingoje dalili, mkimbize kwa daktari sasa hivi. Diclofenac nayo, dawa ya maumivu ambayo wauza dawa hupenda kuidunga kwa kila kinachochechemea, itammalizia hizo figo.

Sasa nije kwenye neno ninaloletewa karibu kila wiki: "Daktari, lakini halii."

Paka halii. Mbwa aliyevunjika mguu atauamsha mtaa mzima, ila paka mwenye maumivu yale yale ataingia chini ya kitanda na kunyamaza. Ni mwindaji mdogo ambaye naye huwindwa, na maumbile yamemfundisha kwamba anayeonyesha udhaifu analiwa. Kwa hiyo kusubiri alie ndipo uamini anaumwa ni kusubiri kitu ambacho huenda kisije kabisa. Mwangalie usoni. Mwaka 2019 watafiti wa Chuo Kikuu cha Montréal, Kanada, walitoa kipimo cha kusoma maumivu kwenye uso wa paka: masikio yanaachana na kulalia pembeni, macho yanafumbwa nusu, mdomo unakaza, sharubu zinanyooka badala ya kulegea, kichwa kinashuka chini ya mabega. Hapo ongeza ninayoyaona mimi nikiingia nyumbani kwa watu: manyoya yameshikana kwa sababu ameacha kujilamba, anakaa amejikunyata juu ya miguu yote minne bila kujinyoosha, anakojoa karibu na sanduku la mchanga badala ya ndani yake.

Na kukoroma je? Paka hukoroma akifurahi, ni kweli. Hukoroma pia akizaa, akivunjika mfupa, na nimewasikia wakikoroma dakika chache kabla ya kufa. Usiichukue sauti hiyo kama cheti cha afya.

Baba watoto si mkatili. Hajaelezwa tu kifo cha figo kinavyokuwa. Hatua ya 4 huanza kreatinini ikipita 5, na kipimo hicho hakipandi mpaka karibu robo tatu ya kazi ya figo imekwisha kupotea. Taka ambazo zingetoka kwa mkojo zinazunguka kwenye damu. Zinaleta kichefuchefu kisichokatika, vidonda kwenye ulimi na fizi, na pumzi yenye harufu ya mkojo (mfungue mdomo umnuse, utanielewa). Anakunywa maji kutwa na bado mwili unakauka, kwa sababu figo haziwezi kuyashika. Potasiamu ikishuka shingo inalegea. Presha ikipanda inaweza kumpofusha kwa usiku mmoja. Mwishoni baadhi hupata degedege. Hayo yote yanaweza kuchukua siku, hata wiki na zaidi, naye kimya chini ya kabati, na watu sebuleni wakisema anakwenda kwa amani.

Je, bado kuna la kujaribu? Pengine. Maji ya dripu, dawa ya kuzuia kutapika na dawa ya kurudisha hamu ya kula, kwa siku mbili au tatu chini ya daktari. Akirudi kula mwenyewe na kujilamba, mmepata wiki kadhaa, wengine hupata miezi. Asiporudi, mmepata jibu. Kumjaza uji kwa bomba la sindano huku anageuza kichwa si matibabu.

Kuhusu kujua wakati, daktari wa Marekani, Alice Villalobos, alitengeneza mwaka 2004 kipimo cha mambo saba: maumivu, njaa, maji mwilini, usafi, furaha, kutembea, na kama siku nzuri zinazidi mbaya. Kila jambo lina alama 0 hadi 10, 10 ikiwa ndiyo hali nzuri kabisa, na jumla ikizidi 35 inahesabiwa kuwa maisha yanavumilika. Mimi hesabu yenyewe siiabudu. Ninachokipenda ni kwamba kila mtu nyumbani ajaze karatasi yake peke yake bila kuchungulia ya mwenzake. Mara nyingi mtoto wa miaka kumi ndiye anaandika ukweli. Kwa maelezo yako, Mama, paka wa hatua ya 4 ambaye hajala tangu juzi hana wiki za kufikiria. Amueni leo kama mnajaribu dripu au mnampumzisha kwa sindano ya daktari, kwa maana kukaa tu bila kuamua ndiko kunakomtesa.

Kama swali lako la kuua ni la dini, muulize sheikh au padri wako, mimi si mtu wa fatwa. Ila Waislamu wengi wanaijua hadithi ya mwanamke aliyeadhibiwa kwa kumfungia paka, hakumlisha wala hakumwachia ajitafutie. Nami huikumbuka kila ninapoitwa kwenye nyumba ambako paka mzee amefungiwa stoo "afe mwenyewe."

Nimalizie na jirani yako na sindano yake moja, maana hapa ndipo damu yangu inapochemka. Kumpumzisha mnyama inavyotakiwa kuna utaratibu. Kwanza dawa ya kutuliza, asinzie mikononi mwenu. Kisha pentobabito, dawa ya usingizi mzito, nyingi kupita kiasi ndani ya mshipa: fahamu zinapotea kwa sekunde, moyo unasimama ndani ya dakika chache. Macho hubaki wazi, anaweza kuvuta pumzi moja mbili za mwisho na kujikojolea. Hayo si maumivu, hayupo tena. Mzike kwenda chini sana, kwa sababu dawa hiyo inabaki kwenye nyama na mbwa au kaloli, yule ndege mkubwa mla mizoga, akimfukua atakufa naye.

Wadunga sindano wa vichochoroni wana mengine. Wapo wanaodunga hewa, wapo wanaodunga spiriti. Wapo wanaotumia dawa ya kupooza misuli peke yake, na hii ndiyo mbaya kuliko zote kwa sababu inapendeza kutazama: paka analala tuli, familia inashukuru, kumbe yuko macho kabisa na hawezi kuvuta pumzi. Wengine hawajisumbui na sindano, wanatia sumu ya panya kwenye samaki. Ile inayozuia damu kuganda huchukua siku 3 hadi 5, mnyama anavuja damu ndani kwa ndani. Ile ya wachuuzi wa barabarani huleta mapovu na mitetemeko, na mtoto anayeokota kile kipande cha samaki hana tofauti na paka.

Kwa hiyo atakayekuja mlangoni kwako muulize mambo matatu kabla hajafungua mkoba: amesajiliwa na Bodi ya Madaktari wa Mifugo ya Uganda? Dawa anayotumia inaitwaje? Anampa nini kwanza ili asinzie? Usimbebe tena kwenye basi hadi Kampala kwa ajili ya hili. Mpigie daktari aliyempima damu akuelekeze kwa mwenzake aliye karibu, au nenda ofisi ya daktari wa mifugo wa wilaya hapo Tororo. Na jirani akikujibu kwamba ni dawa ya kulala tu, jina halina haja, mrudishe dukani kwake.