Siki na bikaboneti havitatoa ule mstari wa njano chooni

SWALI: Mtaalamu, pole na kazi. Naishi Mbezi na familia yangu, tunatumia maji ya kisima na choo chetu kinaingia kwenye karo. Mtoto wangu mdogo ana pumu, hivyo niliamua kuachana na jiki na dawa kali za dukani. Sasa nachanganya siki, bikaboneti na ndimu kama nilivyoona mtandaoni. Povu linatoka kwelikweli, lakini sinki la choo lina mstari wa njano usiobanduka, na sakafu ya teraso sebuleni imeanza kufubaa. Jirani ameniletea dumu la lita tano la sabuni ya mwarobaini, anasema ni asilia, haina kemikali. Nichague nini kinachosafisha kweli bila kumdhuru mtoto wala kuharibu mazingira? – Mama wa wawili, Mbezi

JIBU: Dada, nianze na hilo povu, kwa sababu barua za povu zinanijia kila mara na zote zinalalamika kitu kimoja: linatoka vizuri, uchafu hauondoki.

Siki ya dukani ina asidi asetiki karibu asilimia 5. Ikiwa peke yake, kazi yake inajulikana: inayeyusha ukoko wa chokaa unaoachwa na maji ya kisima. Bikaboneti nayo ikiwa peke yake inasugua bila kukwaruza na inapunguza harufu chachu kwenye friji au ndoo ya taka. Ukivikutanisha, kila kimoja kinammaliza mwenzake. Inatoka gesi ya kaboni dioksaidi, ambayo ndiyo hilo povu, yanabaki maji na chumvi inayoitwa sodiamu asetati. Lita moja ya siki ina asidi kama gramu 50, na gramu 70 tu za bikaboneti zinatosha kuimaliza yote. Povu likishatulia, unachosugulia choo ni maji yenye chumvi kidogo. Umetumia hela ya siki na hela ya bikaboneti ukapata kitu dhaifu kuliko chochote kati ya hivyo viwili. Kuongeza ndimu hakusaidii, kwani nayo ni asidi na itaishia kulekule.

Kuna ndugu wa mchanganyiko huo anayezunguka mtandaoni: kukuna sabuni ya mche, kuiyeyusha, kisha kuimiminia siki ili “iwe na nguvu mbili”. Jaribu kwenye glasi uone mwenyewe. Yeyusha kipande cha sabuni hadi maji yawe ya utelezi, mimina vijiko viwili vya siki, koroga. Maji yanageuka meupe kama tui, na baada ya muda vinaelea vibonge vya mafuta. Sabuni ilitengenezwa kwa mafuta na magadi makali. Asidi imeirudisha kuwa mafuta. Hayo ndiyo watu wanayapaka kwenye masinki yao halafu wanashangaa mbona yanateleza.

Hao wanaofundisha mambo haya kwa video za nusu dakika hawarudi siku ya pili kukuonyesha choo.

Tuje kwenye choo chako. Maji ya kisima mara nyingi yana kalsiamu na magnesiamu nyingi, yanapokauka yanaacha chokaa, na chokaa ikishika kutu na mkojo unapata huo mstari wa njano. Dawa yake ni asidi peke yake pamoja na muda. Toa maji yaliyotuama kwenye sinki, yasukume kwa brashi hadi yapungue. Chukua asidi ya sitriki, ule unga mweupe mchachu wanaotumia watengeneza juisi na unaopatikana kwenye maduka ya vifaa vya keki. Yeyusha vijiko vitatu vya chakula kwenye nusu lita ya maji ya vuguvugu, mimina juu ya mstari, funika choo, lala. Maji yasiwe ya kuchemka, yanaweza kupasua sinki. Asubuhi sugua. Ukoko wa miaka utahitaji kurudia siku mbili tatu, wala usiwe na haraka ya kwenda kununua kikali zaidi. Unga huohuo unasafisha birika la umeme lililoota ukoko mweupe.

Teraso ni habari nyingine, na si nzuri. Teraso ni vipande vya mawe, mara nyingi mawe ya chokaa, vilivyoshikwa na saruji. Asidi inayokula ukoko chooni inakula na mawe hayo pamoja na saruji yake, maana ni jamaa wa chokaa hiyohiyo. Kufubaa unakokuona si uchafu. Uso wa sakafu umeliwa. Hakuna sabuni itakayourudisha, ni fundi wa teraso na mashine yake ya kusugua na kupolishi. Kuanzia leo siki na ndimu visiguse sakafu hiyo, wala ule udongo wa saruji ulio kati ya vigae vya bafuni. Asili nayo inatoboa sakafu, kama hukuambiwa.

Sasa dumu la jirani. Simwiti mwongo, huenda naye aliambiwa hivyo kwenye semina ya siku moja akalipia na cheti. Lakini sabuni ya maji ya mtaani, iwe ya mwarobaini, mlonge au aloe vera, karibu yote inaanzia pipa moja: salfoniki, ambayo ni asidi nzito ya rangi ya kahawia, ambayo ukali wake unapozwa kwa kostiki soda (yale magadi makali) au soda ash, kisha slesi ya kuleta povu, chumvi, pafyumu na rangi. Mwarobaini ni yale maji ya majani yaliyochemshwa yaliyomiminwa mwishoni. Sisemi viungo hivyo ni sumu, kwani hata sabuni za viwandani zinavitumia. Ninachokataa ni kuambiwa havimo.

Na hapo kwenye chumvi pana mchezo ambao kila mnunuzi angepaswa kuujua. Wateja wanaitikisa chupa, wakiona nzito wanasema hii ina nguvu. Uzito ule unaletwa na chumvi ya mezani. Chumvi ikikutana na slesi inaufanya mchanganyiko uvimbe na kuvutika, hata kama umejaa maji. Muuzaji akizidisha chumvi, sabuni inarudi kuwa nyepesi kama maji ya kunywa, ndiyo maana dumu jingine linakuja jepesi kutoka kwa mtu yuleyule. Uzito haupimi chochote. Povu nalo halipimi chochote. Sabuni za mashine ya kufulia zinatengenezwa makusudi zisitoe povu jingi, na nguo zinatakata.

Linalonitia wasiwasi kwa mtoto wako ni kihifadhi. Maji ya majani yaliyochemshwa ni chakula cha bakteria. Sabuni ya namna hiyo isipowekwa kihifadhi, baada ya majuma machache inabadilika harufu, dumu linavimba, na wewe unadeki nyumba kwa vijidudu. Wengi wanalijua hilo, basi wanatia fomalini, kwa sababu ni rahisi na inapatikana. Kiasi gani? Kifuniko, wakati mwingine viwili, kwa macho. Fomalini ni maji ya fomaldehaidi, ambayo Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani limeiweka kwenye kundi la kwanza, la vitu vinavyothibitika kusababisha saratani kwa binadamu, na mvuke wake unachokoza njia ya hewa. Umemtoa mtoto kwenye klorini ukamweka hapo. Pafyumu ya limau nayo, hata ikitoka kwenye limau la kweli, ni miongoni mwa vitu vinavyoamsha kifua chenye pumu. Nyumba safi haina harufu ya kitu chochote. Kwa mtoto wako chagua bidhaa isiyo na manukato kabla hujauliza ni asilia au la.

Kuhusu mazingira, watu wanaridhika na neno “inaoza”. Inaoza wapi, na kwa muda gani? Kipimo kinachotumika kimataifa kinataka sehemu kubwa ya dawa, asilimia 60, iwe imevunjwa ndani ya siku 28, tena penye hewa ya oksijeni. Karo lako halina hewa. Salfoniki inaoza vizuri mtoni, lakini kwenye karo inakawia sana. Sabuni ya mche na slesi zinavumilia hali ya karo vizuri zaidi. Kwa hiyo kwa nyumba yako sabuni ya mche, ile ya kipande isiyo na sifa yoyote dukani, ni bidhaa nzuri ya mazingira kuliko madumu mengi yaliyochorwa majani ya kijani.

Utaniambia haitoi povu kwenye maji ya kisima. Kweli, inashikana na chokaa ikawa ukoga. Mabibi zetu walilijua hilo na walikuwa na jibu: magadi kwanza, sabuni baadaye. Kijiko cha chakula cha magadi kwenye ndoo, koroga, acha dakika chache chokaa itulie, ndipo utie sabuni. Tumia maji hayo kudeki na kufua. Usiyaweke kwenye sufuria za alumini, yatazitia weusi. Kwa vyombo, nunua sabuni ya maji yenye lebo, isiyo na harufu ukiipata, na tumia tone kwenye dodoki. Dodoki la shambani linasugua sawa na la plastiki, na likichoka unalitupa kwenye mboji.

Jiki usiifukuze kabisa. Siki haiui vijidudu vya kuhara kwa kiwango cha kutegemea, na siku mtoto anatapika ama kipindupindu kimeingia mtaani si siku ya majaribio ya ndimu. Osha kwanza kwa sabuni, kwa sababu uchafu unaimaliza klorini kabla haijafika kwenye vijidudu. Kama chupa inasema asilimia 3.5, vijiko viwili vya chakula vikijazwa maji hadi lita moja vinakupa asilimia 0.1, inayotosha vitasa, meza na choo. Palipo na matapishi au kinyesi cha mgonjwa, kikombe kimoja kwa vikombe sita vya maji. Acha pabaki pamelowa dakika kumi, madirisha wazi, mtoto nje, kisha suuza. Nunua chupa ndogo na uiweke kivulini, joto la Dar linaipunguza nguvu. Kwa siku za kawaida, haidrojeni peroksaidi ya asilimia 3 ya duka la dawa inafanya kazi bila harufu na inavunjika kuwa maji na oksijeni, ila inapausha nguo za rangi.

Na hapa naomba kila anayesoma anisikilize, si mama wa Mbezi peke yake. Jiki na asidi yoyote, iwe siki, ndimu au dawa ya kusafishia masinki, vinatoa gesi ya klorini, na bafu la mita mbili kwa mbili lenye kidirisha cha juu halina pa kuitolea. Jiki ikimiminwa juu ya mkojo uliolala inatoa gesi nyingine inayochoma macho na kifua. Vuta maji kwanza. Sasa fikiria dumu lisilo na lebo ambalo salfoniki yake haikupozwa ikaisha, kwa sababu mtengenezaji hana hata karatasi ya kupimia pH, yaani kipimo cha ukali wa asidi au magadi, karatasi ambayo bei yake ni ndogo. Mikono ya mteja inachunika, anaambiwa ni “sumu zinatoka”. Siku moja anaongeza jiki ili choo kitakate. Hakuna aliyejua alikuwa anachanganya nini na nini.

Chupa za maji ya kunywa zilizojazwa kostiki au jiki ndizo zinazonikasirisha kuliko zote. Mtoto ana kiu, anaona chupa anayoijua, anameza funda moja. Kostiki inaunguza umio ndani ya sekunde, na baadhi ya watoto wanaishi na kovu linaloziba njia ya chakula. Ikitokea, usimtapishe, usimpe siki wala ndimu “kuipoza”. Mwoshe mdomo kwa maji, kimbia hospitali na chupa yenyewe mkononi. Tanzania ina sheria ya kemikali za viwandani na majumbani tangu 2003, inayosimamiwa na Mkemia Mkuu wa Serikali, na bado kostiki inauzwa sokoni kwenye mfuko wa nailoni uliofungwa fundo.

Ukiwa dukani, tafuta viambato, kipimo cha kutumia, namba ya bechi, tarehe, na jina la mtengenezaji anayepatikana. Alama ya TBS, Shirika la Viwango Tanzania, inakuambia bidhaa imepimwa kwa kiwango chake, haikuambii kwamba ni ya kijani. Bidhaa za nje zenye nembo ya ua la Umoja wa Ulaya au ya ndege swani wa nchi za Nordiki zimekaguliwa na mtu mwingine. Jani lililochorwa na kampuni yenyewe ni pambo. Iliyokolezwa, ya kuchanganya mwenyewe na maji, inakupunguzia plastiki na nauli ya kubeba maji.

Dumu la jirani mrudishie kwa heshima, ukamwulize ametia kihifadhi gani, pH ni ngapi na alilitengeneza lini. Akijibu yote matatu, deki nalo baraza la nje. Akishindwa, usilimwage lote kwa mkupuo kwenye karo na usilichanganye na kitu. Na kwa mwezi mmoja andika kwenye daftari kila ulichosafishia na usiku ambao mtoto alikohoa. Daktari wake wa pumu atalitumia daftari hilo kuliko jibu langu.