Maswali na Majibu: Kwa nini mashamba yetu ya kahawa yameangukia Kongo?

SWALI: Mimi ni karani wa chama cha msingi cha ushirika wa kahawa wilayani Kasulu, mkoani Kigoma. Mnunuzi anataka kujua mahali lilipo shamba la kila mwanachama. Mashamba mengi tumeyapima kwa simu, 11 mwenzangu aliyapima kwa GPS ya mkononi, na mpaka wa kijiji tuliutoa kwenye ramani ya upimaji ya zamani. Tulipoviweka vyote kwenye kompyuta, mpaka ulikaa kama mita 300 kaskazini ya mahali tunapoujua, na yale mashamba 11 yakaangukia ndani kabisa ya Kongo. Kifaa kipi ni kibovu? Na wenzetu wa maji, barabara na misitu wanafanyaje hadi ramani zao zielewane?

JIBU: Ndugu karani, vifaa vyenu vyote ni vizima. Kila jozi ya viwianishi, yaani zile tarakimu zinazotaja mahali, husomwa ndani ya mfumo fulani, na mfumo huo usipoandikwa pembeni, tarakimu zilezile huonyesha mahali pengine kabisa.

Nianze na yale mashamba 11, kwa sababu kosa hili nimelikuta Kigoma kuliko mkoa mwingine wowote niliofanyia kazi. GPS ya mkononi mara nyingi hutoa viwianishi kwa mita, katika mfumo wa UTM unaoigawa dunia katika kanda 60, kila kanda ikiwa na upana wa nyuzi 6 za longitudo. Kigoma mjini ipo kanda ya 35, na mji wa Kasulu upo kanda ya 36. Mstari unaozitenga, longitudo ya 30, unapita kilomita chache tu magharibi ya mji wa Kasulu. (Mkoa wa Tabora wote umo ndani ya kanda ya 36, kwa hiyo wenzetu wa huko hawalijui tatizo hili.) Mpimaji akiuvuka mstari huo kwenda mashariki, namba ya kwanza kwenye kioo huruka ghafla kutoka kama 832,900 hadi kama 167,100, na maandishi ya pembeni hubadilika kutoka 35 M kuwa 36 M. Naamini mwenzako alinakili tarakimu akayaacha hayo maandishi ya pembeni, jambo linalotokea kwa urahisi daftari likiwa gotini na mvua inakaribia. Kompyuta ikazisoma kama tarakimu za kanda ya 35, na mashamba yakahamia zaidi ya kilomita 660 magharibi, ng'ambo ya Ziwa Tanganyika. Msirudi shambani kuyapima upya. Yatengeni katika faili yake, ipeni kanda ya 36, ambayo kwenye QGIS, programu ya kuchora ramani, ni namba 32736 ikiwa kifaa kiliwekwa WGS 84 (mfumo wa rejea, yaani msingi wa kupimia mahali duniani, unaotumiwa na simu), nayo yatarudi mahali pake.

Mpaka wa kijiji una sababu nyingine. Ramani za upimaji za zamani, pamoja na zile za taifa za kipimo cha 1:50,000, zilichorwa kwa mfumo wa rejea uitwao Arc 1960, unaotegemea umbo la dunia lililokokotolewa na Mwingereza Clarke mwaka 1880, ilhali simu hutumia WGS 84. Kwa eneo letu, viwianishi vya jiwe lilelile la mpaka hutofautiana katika mifumo hiyo miwili kwa kama mita 300 kutoka kaskazini kwenda kusini, na kwa chini ya mita 100 kutoka mashariki kwenda magharibi. Ukiutazama mpaka wenu kwa makini utaona umesogea pia kidogo kuelekea magharibi. Mtu wa kompyuta asiuvute kwa mkono hadi ukae sawa kwa macho. Aitambulishe faili kuwa ni ya Arc 1960 kanda ya 35, namba 21035, kisha aiachie programu kazi ya kuibadilisha kwenda WGS 84.

Nasisitiza hivyo kwa sababu ya jambo ambalo huenda mnunuzi hakuwaeleza. Sheria ya Umoja wa Ulaya ya mwaka 2023 kuhusu ukataji misitu, inayogusa kahawa na pia mawese, inataka viwianishi vya kila shamba vyenye angalau tarakimu sita baada ya nukta ya desimali. Shamba lisilozidi hekta 4 linaweza kuonyeshwa kwa nukta moja, na linalozidi hapo lichorwe mzunguko wake wote. Shamba linalinganishwa na picha za setilaiti kuthibitisha kwamba halikuwa msitu uliokatwa baada ya Desemba 31, 2020. Shamba la hekta moja lina upande wa mita 100 hivi. Likisogezwa mita 300 linaweza kuangukia ndani ya msitu wa kijiji, na mkulima ambaye hajakata mti hata mmoja akakosa soko. Angalieni pia alama ya kutoa mbele ya latitudo, kwani tupo kusini mwa ikweta. Ikisahaulika, Kigoma mjini huangukia Sudan Kusini, karibu na Maridi.

Wenzenu hutumia tarakimu hizihizi, ila kila kazi ina kiwango chake cha usahihi. Wafugaji nyuki wa Sikonge hutosheka na simu inayokosea mita 5 au 10, maana mzinga utauona tu juu ya mti. Wapimaji wa reli na barabara wanahitaji sentimita, kwa hiyo hutumia vipokezi vya gharama kubwa vinavyosahihishwa kutoka kituo cha msingi. Walinzi wa misitu ya vijiji kuzunguka Hifadhi ya Gombe huchukua taarifa kwa simu wakiwa msituni, na taarifa hizo huwekwa juu ya picha za setilaiti. Picha za setilaiti za Landsat zipo tangu mwaka 1972, hivyo mteremko ule ule unaweza kutazamwa kwa miaka mingi.

Kwenye maji nina kisa ambacho bado kinaniuma. Niliitwa mahali ambapo mtambo wa kuchimba kisima ulikuwa umesimama katikati ya shamba la mihogo, shimo la kwanza likiwa kavu. Tulitembea kuelekea kusini mita mia tatu hivi, tukakikuta kigingi cha mpimaji chini ya mkuyu, rangi yake nyekundu haijafutika. Viwianishi vilisomwa kwa Arc 1960, mchimbaji akaviingiza kwenye kifaa cha WGS 84, na karatasi iliyopita kati yao haikuwa na neno lolote kuhusu mfumo. Wanakijiji walikuwa wamechangia fedha zao kwa kisima kile.

Kwa hiyo ongezeni safu tatu katika daftari lenu: mfumo wa rejea, kanda na kifaa kilichotumika. Kisha, kabla ya kumtumia mnunuzi chochote, nendeni na simu hadi kwenye bikoni moja, yaani jiwe la mpaka, muiweke juu yake mahali pa wazi kwa dakika chache, mlinganishe na faili iliyobadilishwa. Tofauti ikiwa chini ya mita 10, orodha iko tayari. Ikibaki karibu na mita 300, mpaka bado unasomwa kwa mfumo usio wake.