Jibu: Onyo la tsunami lina faida gani kwetu Lamu?

Ndugu yangu, umeuliza onyo la tsunami, yaani mawimbi makubwa yanayoletwa na tetemeko chini ya bahari, latufaa nini sisi wa Lamu, ilhali matetemeko makubwa hutokea mbali, Sumatra huko Indonesia. Umbali huo ndio muda wetu wa kujiokoa. Tarehe 26 Desemba 2004 mawimbi ya tetemeko la huko Sumatra yalichukua saa nyingi kuvuka Bahari ya Hindi. Huku Kenya watu waliondolewa fukweni, akafa mtu mmoja. Somalia, majirani zetu hapa, walikufa karibu 300, na hawakuwa na wa kuwaonya.

Siku hizi vituo vya Australia, India na Indonesia hupima tetemeko na mwendo wa maji, kisha hutuma taarifa kwa nchi za Bahari ya Hindi. Kwetu hupokelewa na Idara ya Hali ya Hewa, Nairobi.

Kinachoniumiza moyo ni kipande cha mwisho cha njia: kutoka Nairobi hadi kwa mvuvi aliye dago, yaani kambi ya wavuvi, karibu na Kiunga, simu haishiki. Hapo redio ya nahodha na kipaza sauti cha msikiti ni muhimu kuliko mtambo wowote. Tukubaliane mapema nani atatangaza.

Na ukiona maji yamekupwa ghafla, saa si ya kupwa, hiyo ni dalili ya tsunami; usiende kuokota samaki. Wapandishe watoto kwenye vilima vya mchanga vya Shela, wala msishuke baada ya wimbi la kwanza. La pili laweza kuwa kubwa zaidi. Aliye baharini kwenye maji ya kina na chombo abaki huko huko.