Re: Riwaya ya sayansi ya kuchekesha, nimekwama ukurasa wa 30

Jambo yaya. Unasema ulianza Le Guide du voyageur galactique cha Douglas Adams, ukakwama kwa sababu majina ya wahusika hayafanani na yale wanayotaja wenzako. Hata mimi hapa Bukavu nilipotea hapohapo.

Angalia kwanza kama nakala yako ni ile ya Kifaransa ya zamani. Mfasiri alibadilisha majina: Ford Prefect akawa Ford Escort, Zaphod Beeblebrox akawa Zappy Bibicy. Ni watu walewale. Niliyaandika kwa kalamu ndani ya jalada, sikupotea tena.

Halafu rudi sura ya kwanza, soma polepole. Arthur, mhusika mkuu, analala kwenye matope mbele ya tingatinga lililokuja kubomoa nyumba yake kupisha barabara. Anaambiwa ramani ilitangazwa kwa wote, kumbe ilifungiwa kabatini, ndani ya choo kisichotumika! Mimi nimeona ukuta wa jirani kule Kadutu umeandikwa kwa rangi nyekundu "à démolir" (ubomolewe), nikacheka hadi machozi. Kisha, kitabuni, Dunia nzima inabomolewa kwa sababu ileile. Ukishalishika hilo, kitabu kinafunguka.

Kilitoka 1979, baada ya kuanza kama mchezo wa redio BBC mwaka 1978, ndiyo maana kinanoga kikisomwa kwa sauti. Mimi na mdogo wangu tulikisoma hivyo, umeme umekatika, kwa tochi ya simu.

Katika vitabu vya Adams vinavyofuata hiki nimesoma cha pili tu. Vingine waulize wenzetu.