Jibu: Mafunzo ya akina mama wa Uyole, biashara hazifiki miezi mitatu

Dada, umeuliza kwa nini akina mama 20 wa Uyole, Mbeya, mliowafundisha biashara kwa siku tatu, wengi wamefunga biashara zao kabla ya miezi mitatu. Siku tatu za nadharia hazitoshi, ila kosa kubwa huwa kwenye hesabu ya gharama.

Chukua mmoja wao, anayefungasha mchele wa Mbarali na kuuuza. Tuseme kanunua kilo 100 kwa 2,200, jumla 220,000. Bodaboda 5,000, vifungashio 15,000. Akipepeta na kutoa mawe zinabaki kilo 97. Akiuza 2,500 anaona kapata 300 kila kilo. Gawanya 240,000 kwa 97: kilo imemgharimu kama 2,474. Faida ni shilingi 26, na hajajilipa hata chai! Mfanyishe kila mama hesabu hiyo kwa bidhaa yake mwenyewe, kwa daftari, si ubaoni.

Baada ya hapo mlezi mmoja asisimamie zaidi ya akina mama watano. Awatembelee kila wiki kwa miezi miwili, palepale kwenye meza ya biashara, akague daftari la mauzo, matumizi na madeni. Hela ya unga wa nyumbani iandikwe pia. Ndiyo inayokula mtaji kimyakimya.

Mikopo ya halmashauri, ile inayotoka kwenye asilimia 4 ya mapato ya ndani ya halmashauri inayotengwa kwa wanawake, haina riba lakini inarejeshwa. Wasiikimbilie kabla daftari halijajaa miezi mitatu.

Na msianze mafunzo Novemba au Desemba. Mvua ikishanyesha wako shambani, halafu Januari mtaji unageuka sare za shule.