Usihamie Mahali kwa Sababu ya Dirisha

Nyumba tuliyoishi kabla ya hii ilikuwa na dirisha la jikoni lililotazama mlima. Siku ya kwanza nilipouona mlima wote umeenea kwenye kioo, hata habari ya maji sikuuliza. Nikamwambia mwenzangu, "Hapa tutakuwa tunapanda kila wiki." Tulikaa miaka mitatu, tukapanda mara nne. Siku ya kufungasha mizigo nilizitoa buti zangu kabatini zimeota koga, soli bado mpya.

Mlima haukuwa na kosa. Nilichokosea ni kuhesabu vivutio vya mahali bila kuhesabu saa zangu mwenyewe. Kutoka mwanzo wa njia hadi kileleni zilikuwa kilomita 10, na mwinuko wa mita 1,200. Mpanda milima Mskoti, William Naismith, alitoa mwaka 1892 kanuni ambayo wapandaji wanaitumia hadi leo: saa moja kwa kila kilomita 5 hivi, kisha ongeza saa moja kwa kila mita 600 unazopanda. Kwa mlima wangu hizo ni saa 4 za kwenda juu tu. Bado hujapumzika, hujashuka, na hujaweka dakika hamsini za gari. Hiyo ni siku nzima, na siku nzima mtu mwenye kazi na watoto anazipata ngapi kwa mwaka? Hesabu ya dakika mbili, nami niliifanya baada ya miaka mitatu.

Dirisha la jikoni la sasa linatazama ukuta wa jirani. Lakini nikitoka mlangoni, dakika nne kwa miguu niko kwenye njia ya udongo kando ya kijito ambacho hakuna mtu aliyewahi kukipiga picha. Naenda mara nne, tano kwa wiki, dakika arobaini kila mara, na viatu vyangu havikauki tope. Mwaka 2019 watafiti waliochunguza watu karibu 20,000 huko Uingereza walikuta kwamba waliotumia angalau dakika 120 kwa wiki kwenye maeneo ya asili ndio walioelekea zaidi kusema wana afya njema, na haikujalisha kama walizimaliza kwa mkupuo au kwa vipande. Kijito kinanifikisha huko kabla wiki haijaisha. Mlima haukuwahi.

Kwa hiyo kabla hujaanza kutafuta nyumba, fungua picha za simu yako za mwaka uliopita uhesabu ulichofanya kweli. Unachopenda kiache kwanza. Mimi nilijiona mtu wa milima na mitumbwi. Simu ikasema ni mtu wa kutembea na kuendesha baiskeli na mtoto. Mtumbwi mara mbili, tena wa kuazima.

Ukishapata orodha yako, nenda ukakague mahali kwa saa ileile utakayopatumia. Hili watu wengi wanalipuuza. Karibu na ikweta mchana ni wa saa 12 hivi mwaka mzima, kwa hiyo anayefika nyumbani saa moja usiku hana jioni ya kutembea hata awe na msitu nyuma ya nyumba. Atafute njia yenye taa, au ajizoeze kuamka. Oslo, mji mkuu wa Norwe, kinyume chake, urefu wa mchana unafika karibu saa 19 katikati ya kiangazi na kushuka hadi saa 6 hivi katikati ya baridi. Aliyekagua nyumba huko mwezi Juni ameona nusu tu ya mkataba.

Ramani nayo inadanganya kwa rangi. Doa la kijani lililonivutia safari moja lilikuwa uwanja wa gofu, na mlinzi wa getini alinitazama kama nimekuja kuiba mipira. Norwe ina sheria tangu mwaka 1957 inayomruhusu mtu kutembea kwenye ardhi isiyolimwa hata kama ina mwenyewe. Kwingi duniani kijani cha mtu ni cha mtu, na kina seng'enge. Umbali pia upime kwa miguu yako. Mtaalamu wa misitu ya mijini Cecil Konijnendijk anapendekeza bustani isiwe zaidi ya mita 300 kutoka nyumbani, lakini mita 300 zenye barabara ya njia sita katikati ni mbali sana kwa mtoto wa miaka saba.

Rudi tena mvua ikishanyesha. Sisi tulirudi, tukaikuta njia ya kijito imezama kabisa. Mzee mmoja mwenye fimbo akatuambia itakauka baada ya siku mbili, nasi tukaona hilo linavumilika.

Na maswali yako muulize anayetumia njia, dalali muache na mambo ya kodi. Dalali wetu alisema ni salama saa zote. Mama mmoja aliyekuwa anakimbia alisimama, akafuta jasho, akasema ni salama kweli, ila ukifika kwenye kona ya mianzi jioni pita kushoto, kwa sababu nyumba ya kulia wanafungulia mbwa saa kumi na mbili. Mpaka leo napita kushoto.