Barua kwa mwanangu: hesabuni vitanda kwanza

Langoni, Lamu

Kwa mwanangu mpenzi,

Salamu nyingi zikufikie huko Malindi. Sisi hapa hatujambo. Baba yako kifua kimepata nafuu, na watoto wa dada yako wanakuulizia kila jioni. Barua yako aliniletea binamu yako, nami niliisoma mara tatu kabla ya kushika kalamu, kwa sababu swali lako nimeliona si la kujibiwa kwa simu. Umenieleza kwamba wewe na wenzako watatu mnataka kuandaa Malindi mashindano ya raga ya wanawake, ya wachezaji saba kila upande, na kualika timu kutoka Uganda, Tanzania na Madagaska pamoja na za hapa Kenya. Kwamba hamna mfadhili wala ofisi yoyote iliyowaahidi kitu. Na kwamba watu wawili unaowaheshimu wamekushauri msubiri mpaka fedha zipatikane. Kisha ukauliza: "Mama, tuanze au tungoje?"

Anzeni. Lakini msianzie pale mlipokusudia kuanzia. Barua yako ina kurasa mbili nzima za maombi ya ufadhili, mabango, fulana na vikombe, na mstari mmoja tu unaosema kwamba wageni watatafutiwa malazi. Mstari huo ndio mashindano yenyewe, mwanangu, na mengine yote hufuata nyuma yake.

Utakumbuka ulivyokuja Lamu mwezi wa Septemba mwaka 2025, tukakaa barazani siku ya tarehe 27 kutazama fainali ya Kombe la Dunia la raga la wanawake. Mchezo ulianza saa kumi na mbili jioni kwa saa zetu, na punde adhana ya magharibi ikatuita. Mwisho Uingereza waliishinda Kanada 33 kwa 13 mbele ya watazamaji 81,885 katika uwanja wa Twickenham, nami nikakuuliza umati kama ule kwa mchezo wa wanawake umetoka wapi. Ndipo uliponisimulia habari za mwaka 1991, na tangu usiku ule sijaacha kuzifikiria.

Ulinieleza kwamba mashindano ya kwanza ya Kombe hilo hayakuandaliwa na shirika lolote kubwa. Yaliandaliwa na wanawake wanne wa klabu ya Richmond ya London, Deborah Griffin, Sue Dorrington, Mary Forsyth na Alice Cooper, ambao walikuwa na kazi zao na nyumba zao, na ambao chombo kilichosimamia raga duniani hakikuwapa idhini. Walitafuta mfadhili mkubwa wasimpate. Wakaziandikia timu barua za kuzialika, wakaeleza wazi kwamba kila timu itajilipia gharama zake, na mwezi wa Aprili timu 12 zikafika kusini mwa Wales. Marekani wakawashinda Uingereza 19 kwa 6 katika fainali, na Sue Dorrington, aliyekuwa amehangaika na maandalizi yote yale, siku hiyo alikuwa uwanjani amevaa jezi ya Uingereza. Mashindano hayo yalitambuliwa rasmi kwa mara ya kwanza yalipochezwa Amsterdam mwaka 1998, na mwaka 2025 Deborah Griffin akawa mwanamke wa kwanza kuwa rais wa chama cha raga cha Uingereza. Ukiniuliza kama wanawake wanne wasio na mfadhili wanaweza kuandaa mashindano ya kimataifa, hilo limekwisha kujibiwa.

Hata hivyo, katika kisa hicho kuna jambo lililonigusa kuliko ushindi wa Marekani, nalo ni habari za timu ya Muungano wa Sovieti. Wanawake wale walifika Wales hawana fedha za matumizi, wakiwa wamebeba bidhaa za kwao, ikiwamo pombe kali, ili waziuze wapate cha kulipia chakula, na maofisa wa forodha wakaja kuwahoji. Baadaye watu wa huko walisikia shida yao, wakawapa chakula na misaada mingine, na timu ikacheza. Wengi husimulia kisa hiki wakifurahi, na wema wa watu wale unastahili kusifiwa. Lakini mimi niliyepokea wageni maisha yangu yote nilijiweka mahali pa wasichana wale, wamesimama ugenini na mizigo ya biashara, wakijua kwamba kesho watakimbia na kuangushana dakika 80 na tumbo halina uhakika wa kushiba. Siwalaumu wanawake wa Richmond, kwani walisema ukweli tangu mwanzo na walibeba mzigo uliowazidi. Nakuomba tu usiruhusu timu hata moja ipande basi au ndege kuja kwako kabla hujajua kwa jina na kwa hesabu inacho nini na inakosa nini.

Hapa ndipo ninapotaka kukukumbusha Maulidi. Unajua jinsi kila mwaka Maulidi ya Msikiti wa Riyadha yanavyoujaza mji huu wageni, wengine wa Mombasa na Tana, wengine wa Unguja na Ngazija, na jinsi mashindano ya mashua, ya punda, ya kuogelea na ya bao yanavyokwenda sambamba na ibada. Mwaka mmoja, wewe ukiwa bado chuoni kwa mwalimu, kikundi chetu cha wanawake wa mtaa kilikuwa kimeahidiwa mchele, mafuta na mbuzi na mfanyabiashara mmoja, nasi tukapanga kila kitu juu ya ahadi yake. Siku mbili kabla ya wageni kufika alituma mtu kusema kwamba hataweza. Nililia, sikufichi. Kisha shangazi yako marehemu akasema tupite nyumba kwa nyumba, na tusiombe fedha hata kidogo, bali tuulize swali moja tu: hapa kuna nafasi ya wageni wangapi? Mwanangu, nyumba ambazo wiki iliyotangulia zilikuwa zimetunyima shilingi mia zilijibu: wanne, sita, wawili na mtoto. Na aliyekubali kumlaza mgeni hakungoja kuombwa kumlisha. Mpaka magharibi tulikuwa na nafasi kuliko wageni.

Tangu siku hiyo nimeamini kwamba mtu wa Pwani ni mgumu kutoa fedha kwa jambo asilolijua, lakini si rahisi kwake kumfungia mlango mgeni aliyetajiwa jina. Raga hawaijui sana watu wa Malindi. Wageni wanawajua.

Sasa twende kwenye hesabu, maana umesema timu nane. Timu moja ni wachezaji 12, kwa kuwa saba wako uwanjani na watano ni wa akiba, na ukiwaongeza kocha, meneja na mtu wa huduma ya kwanza unapata watu 15. Kwa hiyo timu nane ni watu 120. Wakikaa siku tatu na kula mara tatu kwa siku, utahitaji sahani 1,080, au, kwa desturi yetu ya kula watu watano kwa sinia, sinia 216. Usiogope hesabu hiyo, kwani Maulidi yamenionyesha sinia nyingi zaidi ya hizo, lakini iandike na uiweke ukutani ili hata mmoja wenu asisahau. Timu za hapahapa Malindi, kama zitakuwapo, zitalala kwao, na hilo litapunguza. Waliobaki wanaweza kulala katika mabweni ya shule wakati wa likizo, na nyumba za watu ziwe akiba. Nenda kwa walimu wakuu mwenyewe, ana kwa ana, usitume barua pepe.

Uwanja mmoja unatosha. Mchezo wa saba kwa saba ni vipindi viwili vya dakika saba, na mapumziko ya dakika mbili katikati, hivyo ukiweka dakika 25 kwa kila mchezo, pamoja na kuingia na kutoka, makundi mawili ya timu nne yatamaliza michezo yote 12 kwa saa tano. Isiwe saa tano mfululizo chini ya jua la Malindi. Chezeni asubuhi, mpumzike kuanzia saa tano hadi baada ya swala ya adhuhuri na chakula, mrudi alasiri jua likipoa. Siku ya pili iwe ya nusu fainali na fainali, pamoja na michezo ya kuamua nafasi zilizobaki, ili timu isisafiri mwendo wote ule kutoka Kampala halafu ikae kutazama wenzake.

Wenzako walipendekeza mchezo wa ufukweni. Najua kwamba upo mchezo wa aina hiyo, wa wachezaji watano, na mandhari yake huvutia, lakini timu mnazoalika zinafanya mazoezi ya saba kwenye majani, na siku za bamvua bahari haitawaulizia ratiba yenu. Maji yakijaa yatakuja mpaka juu na mchanga wenu utakwenda nayo. Kaeni kwenye majani. Na wakati wenyewe usiwe masika. Mimi ningechagua mwanzoni mwa Desemba, shule zimefungwa, vuli inakwisha na kaskazi inaanza kuingia.

Kuna jambo moja ambalo sitakubaliana nawe hata ukinibembeleza. Pasipo daktari kando ya uwanja na gari la wagonjwa lenye dereva aliye macho, msipulize filimbi. Huu ni mchezo wa kukamatana na kuangushana, na shingo na kichwa vya binti wa mtu ni amana mikononi mwenu. Katika Kombe la Dunia la 2025 wachezaji walivaa vikinga meno vyenye taa, ambayo huwaka mtu anapopata kishindo kikubwa cha kichwa, ili mwamuzi aone na mchezaji apelekwe kupimwa. Ninyi hamtakuwa na vifaa hivyo, lakini kanuni ya msingi haihitaji kifaa chochote: anayeshukiwa kupata mtikisiko wa ubongo anatoka na harudi uwanjani siku hiyo, hata kama ni fainali, hata kama yeye mwenyewe anaapa kwamba hana neno. Wasomeeni makocha wote kanuni hiyo usiku wa kuamkia mchezo wa kwanza, na wakubali mbele ya wenzao. Fedha ya kwanza mtakayoipata, iwe elfu tano au laki tano, iende kwa daktari kabla ya fulana.

Kuhusu mavazi, ambayo najua yanakusumbua kwa sababu ya maneno ya mjomba wako, waeleze wazazi wa huko kwamba sheria zenyewe za raga zinamruhusu mwanamke kuvaa suruali ndefu ya kubana chini ya kaptula, na kujifunga kitambaa cha kichwa, mradi kisilete hatari kwake au kwa mwenziwe. Msichana atakayetaka kucheza hivyo achezeshwe bila kuulizwa mara mbili. Mjomba wako nitazungumza naye mimi.

Na fedha? Ziombeni, tena bila haya. Kanada hiyo uliyoiona kwenye fainali, nchi tajiri, ilitangaza mchango kwa umma kutafuta dola milioni 1 za kwao za kuiandaa timu ya wanawake. Kama wao hawakuona fedheha kuomba, ninyi mnaona fedheha gani? Lakini ombeni mkiwa na vitanda 120 vilivyokwisha andikwa, kwa jina la kila shule na kila nyumba, kwa sababu anayeombwa ataona kwamba mashindano yapo na yeye anaalikwa kuyaongeza, hakuna anayemtaka ayazae.

Tafuteni mapema pia uwanja wa pili, hata kama ni wa kijijini. Mwaka 1994 Uholanzi walijitoa kuwa wenyeji wa Kombe hilo la Dunia la wanawake miezi michache tu kabla ya mashindano, na wanawake wa Uskoti wakayapokea na kuyaandaa kwa siku 90 hivi.

Umeniuliza pia, mwishoni kabisa na kwa maandishi madogo, kama jambo hili lina maana yoyote kwa Malindi. Timu yetu ya taifa ya wanawake imecheza Olimpiki ya Rio mwaka 2016 na ya Tokyo iliyochezwa mwaka 2021. Afrika Kusini wamefika robo fainali ya Kombe la Dunia mwaka 2025, mara yao ya kwanza. Wanawake wa Madagaska, Bukini ya wazee wetu, wamekaribisha kwao Antananarivo Kombe la Afrika mwaka 2023 na 2024. Mambo hayo yote binti wa dada yako anayajua kwa kuyaona kwenye simu. Mwezi uliopita aliniuliza kama wale wanawake ni watu wa kweli wa Kenya au wanaishi Ulaya. Ana miaka 11. Nataka amshike mmoja wao mkono, ambebee chupa ya maji, amwone akila mbaazi na mahamri kwenye sinia moja naye. Mimi nitakuja kupika, na nimekwisha pata wanawake wanne wa kikundi chetu walio tayari kufuatana nami, kama mtatulipia nauli ya basi.

Nijibu kabla ya mwezi kuandama, unitajie tarehe na idadi ya timu zilizokubali. Masufuria makubwa ya mtaa yana foleni ya harusi, na mwenye kuyatunza hataki kuyaahidi bila kujua siku.

Mama yako akupendaye